Metali, vimeng'enya au molekuli ndogo: kichocheo kipi kimfae mwanakemia anayeanzia Tanga?

Makala hii ni ya kijana aliyemaliza shahada ya kemia, au anayekaribia kumaliza, yuko Tanga au ana mpango wa kurudi Tanga, na anataka kuingia kwenye fani ya kujenga molekuli za kaboni. Fani hiyo leo imesimama juu ya vichocheo: vitu vinavyoharakisha mmenyuko na kuuelekeza kwenye zao unalolitaka, vyenyewe vikabaki vilevile, tayari kwa raundi nyingine. Kuna koo tatu kubwa. Wa kwanza ni ukoo wa metali, kama paladiamu, rodiamu na nikeli. Wa pili ni wa vimeng'enya, yaani protini za viumbe hai. Wa tatu ni wa molekuli ndogo za kaboni zisizo na metali yoyote ndani yake. Ukoo utakaouchagua ndio utakaoamua msimamizi wako ni nani, vyombo gani uviombee fedha, na miaka yako ya utafiti itapitia wapi. Kuhama baadaye inawezekana, lakini ni gharama.

Naanza na msimamo wangu ili usome ukijua ninakokupeleka. Kwa mtu anayeanzia hapa, ukoo wa tatu ndio mlango bora. Wa pili ndio wenye faida kubwa ya muda mrefu kwa mkoa wetu. Wa kwanza ujifunze vizuri, lakini usiuwekee maisha yako yote kama huna mlango wa maabara kubwa ya nje. Sababu zinafuata, na pale hoja yangu inapopwaya nitasema.

Kazi ngumu ni ipi?

Huwezi kulinganisha vichocheo kabla hujajua vinapambana na nini. Kaboni yenye bondi nne za kawaida hupenda kuzitawanya kwa pembe ya takribani nyuzi 109.5. Ukiilazimisha kukaa vingine, inabeba mkazo, na molekuli yenye mkazo mwingi hutafuta nafasi ya kufunguka. Mwaka 1964 Philip Eaton na Thomas Cole wa Chuo Kikuu cha Chicago waliunda kyubeni: mchemraba wenye kaboni nane, moja kwenye kila kona, bondi za mchemraba huo zikikutana kwa nyuzi 90. Walikuwapo wanakemia walioamini kitu hicho hakiwezi kudumu. Kilidumu, tena kama fuwele imara. Mwaka 1982 Leo Paquette na wenzake wakaunda dodekahedreni, tufe la kaboni 20.

La karibuni zaidi ni la mwaka 2024. Kwa miaka mia moja vitabu vilifundisha kanuni ya Bredt ya mwaka 1924: katika molekuli ndogo yenye pete zilizoshikana, bondi maradufu haikai kwenye kaboni ya kona ambapo pete hizo hukutana. Kundi la Neil Garg wa UCLA, Los Angeles, lilionyesha kwamba inakaa, ingawa kwa muda mfupi sana. Walianza na molekuli iliyobeba silikoni upande mmoja na kundi linaloondoka kirahisi upande wa pili, wakaweka floridi, bondi iliyokatazwa ikajitokeza, na molekuli nyingine iliyokuwa ikisubiri humo humo kwenye chupa ikainasa kabla haijaharibika. Nalitaja kwa makusudi, maana kazi hiyo haikusimama juu ya kichocheo chochote cha ajabu. Kabla hujapenda ukoo fulani wa vichocheo, jiulize kama tatizo lako linahitaji kichocheo kweli.

Ugumu wa pili ni wa upande. Molekuli nyingi huwa na umbo la kulia na la kushoto, zenye atomu zilezile na bondi zilezile, lakini moja haikai mahali pa mwenzake, kama kandambili ya kulia isivyokaa mguu wa kushoto. Pua inajua tofauti hiyo: kavoni ya upande mmoja hunukia mnanaa, ya upande wa pili hunukia kisibiti. Mwili nao unajua, ndiyo maana kiwanda cha dawa kinatakiwa kujua kinatoa upande gani. Kutengeneza umbo ni kazi. Kutengeneza umbo la upande mmoja tu ni kazi zaidi, na hapo ndipo koo hizi tatu zinapoachana.

Metali

Kwa uwezo mtupu wa kuunganisha kaboni na kaboni, metali bado hazina mpinzani, na anayekwambia vingine hajakaa na orodha ya dawa. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2010 ilikwenda kwa Richard Heck, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki kwa kazi ya paladiamu. Paladiamu hujiingiza kati ya kaboni na bromini, ikapokea kaboni nyingine kutoka kwa boroni (huo ndio mmenyuko wa Suzuki), kisha ikazitoa kaboni mbili zikiwa zimeshikana. Losartani, dawa ya presha inayojulikana katika kila duka la dawa, ilipata njia nzuri ya kiwandani kwa mmenyuko huo. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2005, tuzo ilikwenda kwa Yves Chauvin, Robert Grubbs na Richard Schrock kwa vichocheo vinavyobadilishana bondi maradufu. Rutheniamu ya Grubbs hufunga pete kubwa ambazo zamani zilihitaji hatua nyingi na bahati nyingi.

Hata kwenye molekuli za ajabu, metali zina ujanja wake. Kyubeni ile ikikutana na ayoni za metali ya fedha hujipanga upya kuwa kyunini, umbo jingine la kaboni nane. Ikikutana na rodiamu, mchemraba hufunguka kwa njia tofauti kabisa. Molekuli ileile, metali mbili, mazao mawili. Kwa anayependa kuona jinsi bondi zinavyofikiri, hakuna shule bora zaidi.

Sasa gharama. Rodiamu mwaka 2021 ilipanda hadi zaidi ya dola 20,000 kwa aunsi moja. Paladiamu ya dunia hutoka kwa sehemu kubwa Urusi na Afrika Kusini, na viwanda vya magari huigombea kwa ajili ya vichujio vya moshi, kwa hiyo bei yake inayumba kwa sababu ambazo wewe na maabara yako hamna sauti nazo. Kiasi unachotumia ni kidogo, mara nyingi asilimia moja ya molekuli au chini yake, na hiyo ni nafuu. Lakini kinachogharimu zaidi si metali yenyewe. Ni ligandi, molekuli zinazoishika metali na kuipa upande. Nyingi zina fosforasi inayochoka ikikutana na oksijeni. Utahitaji gesi safi ya nitrojeni au agoni, viyeyushi vilivyokaushwa, na kwa kazi nyeti kasha la glovu lisilopitisha hewa. Hewa ya pwani ya Tanga, yenye unyevu mwaka mzima, haina huruma na chupa iliyofungwa vibaya. Niwe wa haki: Suzuki humudu maji vizuri, na baadhi ya vichocheo vya rutheniamu huvumilia hewa kuliko ndugu zake. Kuna milango ya kuingilia, ila nyumba nzima haifunguki kwa milango hiyo.

Kisha kuna usafi wa mwisho. Mwongozo wa kimataifa wa dawa unaruhusu mikrogramu 100 tu za paladiamu kwa siku katika dawa ya kumeza. Ukitengeneza kitu cha dawa kwa paladiamu, lazima uwe na njia ya kuitoa na chombo cha kupima kwamba imetoka.

Nasikia hoja ya nikeli: tuna Kabanga kule Ngara, kwa nini tusitumie nikeli yetu? Nikeli ni nafuu na inafanya kazi nyingi za paladiamu, hilo ni kweli. Ila umbali kati ya madini ya Ngara na kichocheo cha maabara ni mrefu. Nikeli isiyo na chaji inayotumika sana kwenye utafiti huharibika ikipata hewa, na hutengenezwa na makampuni machache ya kemikali. Madini ni ya kwetu; kichocheo bado tutakinunua.

Kuna pia vichocheo vinavyotumia mwanga, vilivyopata nguvu tangu mwaka 2008, ambapo taa ya bluu huamsha rutheniamu au iridiamu na kuanzisha mmenyuko. Navipita haraka, kwa kuwa vinataka umeme wa kutulia kwa saa nyingi mfululizo na metali zilezile ghali. Vile vinavyotumia rangi za kaboni badala ya metali vinafaa kutazamwa baadaye.

Vimeng'enya, na habari ya mkonge

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mkoa wetu umewahi kuwa ndani ya hadithi hii bila wengi kujua.

Richard Hindorf alileta mkonge mwaka 1893 ukapandwa Kikogwe, Pangani. Kila mtu wa Tanga anajua yaliyofuata: mashamba, reli, bandari. Kisichojulikana sana ni kwamba singa ni asilimia 2 hadi 4 tu ya uzito wa jani. Mengine yote hutoka kwenye korona, mashine ya kukamulia majani, kama maji ya kijani na mabaki, na ndani ya maji hayo mna hekojenini, molekuli ya pete sita iliyo jamaa wa homoni za mwili. Kotisoni ilipogunduliwa kuwa tiba ya baridi yabisi mwishoni mwa miaka ya 1940, dunia iliitafuta kwa pupa, na ugumu mkubwa ulikuwa oksijeni moja: lazima ikae kwenye kaboni namba 11, mahali ambapo kemia ya wakati huo haikufika kirahisi. Hekojenini ya mkonge ina oksijeni kwenye kaboni namba 12, jirani kabisa. Kuisogeza hatua moja ni rahisi kuliko kuiweka mahali pasipo na kitu. Ndiyo maana kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilitumia hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni.

Lakini mwaka 1952 wanasayansi wa kampuni ya Upjohn ya Marekani, Durey Peterson na Herbert Murray, walitangaza kwamba ukungu wa jamii ya Rhizopus huweka oksijeni kwenye kaboni namba 11 kwa hatua moja, ndani ya maji. Kimeng'enya cha ukungu kilifanya kwa hatua moja kazi iliyowasumbua wanakemia kwa miaka. Njia ya ukungu ilianza na steroidi (jamii ya molekuli za pete walimo hekojenini na kotisoni) iliyotoka kwenye viazi pori vya Meksiko, si kwenye mkonge. Hapo utaona somo la kibiashara lisilotaka maelezo marefu: malighafi iliyo karibu na jibu ina thamani mpaka pale kichocheo bora kinapofanya ukaribu huo usiwe na maana.

Na hekojenini haikuishia hapo. Mwaka 1988 George Pettit na wenzake walieleza sefalostatini 1, sumu kali dhidi ya seli za saratani katika majaribio ya maabara, iliyotoka kwa mnyama mdogo wa baharini aliyevunwa kusini mashariki mwa Afrika. Ni steroidi mbili zilizoshikwa katikati na pete yenye nitrojeni, umbo ambalo ukiliona mara ya kwanza unadhani mchoraji amekosea. Mwaka 1998 kundi la Philip Fuchs wa Chuo Kikuu cha Purdue lilikamilisha kuijenga, na walianza na hekojenini. Molekuli iliyomo kwenye maji tunayoyamwaga mashambani ilikuwa tofali la msingi la mojawapo ya majengo magumu ya kemia ya karne iliyopita.

Turudi kwenye vimeng'enya vya leo. Frances Arnold alipata nusu ya Nobel ya mwaka 2018 kwa njia ambayo ukiielewa unaweza kuifanya: chukua jeni la kimeng'enya, libadilishe hapa na pale bila mpango, weka matoleo hayo kwenye bakteria, pima lipi linafanya kazi vizuri kidogo, chukua hilo, rudia. Kwa njia ya namna hiyo kampuni za Merck na Codexis mwaka 2010 zilieleza kimeng'enya kilichochukua nafasi ya kichocheo cha rodiamu katika kutengeneza sitagliptini, dawa ya kisukari. Zao liliongezeka kwa asilimia 10 hadi 13, taka zikapungua kwa asilimia 19, na mtambo wa hidrojeni wa shinikizo kubwa haukuhitajika tena.

Kwa molekuli za ajabu, mifano miwili inatosha. Mwaka 2016 kundi la Arnold lilichukua protini ya bakteria anayeishi kwenye chemchemi za moto za Iceland, likaifundisha kuunganisha kaboni na silikoni, bondi ambayo hakuna kiumbe hai anayejulikana kuitengeneza, na ikafanya hivyo vizuri kuliko vichocheo vya maabara vilivyokuwepo. Mwaka 2018 wakapata vimeng'enya ndani ya bakteria E. koli vinavyojenga bisaiklobyuteni, pete mbili za kaboni tatu zilizogawana ubavu, zenye mkazo wa kutisha. Zilijengwa ndani ya bakteria hai, kwenye maji, kwa joto la kawaida.

Kwa nini nasema ukoo huu una faida kubwa kwetu? Tanga ina malighafi na ina vijidudu. Mabaki ya mkonge yapo, na Hale tayari kulijengwa mtambo unaoyageuza kuwa gesi kwa kutumia vijidudu. Kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, kinaujua mkonge kwa undani. Karibu na Amboni kuna chemchemi za salfa za Galanos, mahali pa namna ileile ambapo wenzetu huenda kutafuta protini zinazovumilia joto na sumu. Sijasema humo mna kimeng'enya cha dhahabu. Nasema ni mahali pa kutafuta, na anayekaa jirani ana nafasi ya kwanza.

Ugumu wake usiuchukulie kirahisi. Utahitaji friji ya baridi kali, na umeme ukikatika mwishoni mwa wiki unaweza kupoteza kazi ya mwezi. Jeni utaliagiza nje, lisubiri ndege na forodha. Kimeng'enya kinachopenda molekuli moja kinaweza kuikataa jirani yake yenye atomu moja ya ziada, kwa hiyo kila tatizo jipya ni mzunguko mpya wa kubadilisha na kupima. Na kupima ndio moyo wake: bila mashine ya kuchambua sampuli mamia kwa wiki, njia ya Arnold inabaki kwenye karatasi. Mtu peke yake hawezi kuendesha haya. Inataka timu, na inataka biolojia ambayo wanakemia wetu wengi waliiacha kidato cha sita.

Molekuli ndogo

Mwaka 2000 Benjamin List na wenzake walionyesha kwamba prolini, asidi ya amino ya kawaida iliyomo kwenye kila mlo wenye protini, inaweza kuunganisha asetoni na aldehidi na kutoa zaidi upande mmoja. Mwaka huohuo David MacMillan, kwa njia yake, akatengeneza kichocheo kingine kidogo cha kaboni na nitrojeni. Walishirikiana Nobel ya mwaka 2021. Prolini ilikuwa imeshawahi kutumika kwenye mmenyuko mmoja mashuhuri miaka ya 1970; kilichobadilika mwaka 2000 ni watu kuelewa kwamba hiyo ni kanuni pana.

Inavyofanya kazi: nitrojeni ya prolini hujishika kwa muda kwenye asetoni na kuifanya iwe na hamu ya kushambulia, kundi lake la asidi humkamata aldehidi na kumweka sawasawa. Bondi ikishaundwa, maji huja, prolini hutoka, kazi inaanza upya. Maji kidogo hayadhuru, hewa haidhuru. Chupa, kiyeyushi, koroga. Mtu wa Tanga asiyekuwa na kasha la glovu anasoma hayo na kuvuta pumzi.

Lakini prolini si sababu yangu kubwa. Sababu yangu kubwa ni mkwinini.

Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902, mkwinini ulikuwa miongoni mwa miti waliyoipanda, na kwinini ilitengenezwa hukohuko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sisi tunaijua kwinini kama dawa chungu ya malaria. Wanakemia wanaijua pia kama mojawapo ya familia bora za vichocheo duniani. Pierre Pelletier na Joseph Caventou waliitenga kwenye magome mwaka 1820. Mwaka 1912 Georg Bredig na Paul Fiske wakaitumia kuelekeza mmenyuko upande mmoja, ingawa kwa kiasi kidogo. Barry Sharpless alitumia jamaa zake wa karibu pamoja na osmiamu katika kazi zilizomo kwenye Nobel yake ya mwaka 2001. Na mwaka 2005 makundi kadhaa, kila moja kwa upande wake, yalibadilisha kundi moja la kwinini kwa thiourea, wakapata kichocheo kinachoshika molekuli kwa mikono miwili: nitrojeni huchukua protoni, thiourea hushika upande wa pili kwa bondi za hidrojeni.

Uzuri wa gome hilo ni kwamba lina kwinini na pia kwinidini. Hizi mbili si vivuli kamili vya kioo, lakini kwenye sehemu inayofanya kazi zinakaribia sana kuwa hivyo. Ukitaka zao la kulia unatumia moja, ukitaka la kushoto unatumia ya pili. Mti mmoja umekupa pande zote mbili, na bei yake ukilinganisha na ligandi za rodiamu haina mjadala. Molekuli hii yenyewe iliwatesa wajenzi: Robert Woodward na William Doering walitangaza njia yao mwaka 1944, na ilikuwa mpaka mwaka 2001 ndipo Gilbert Stork alipoijenga akiwa ameshika upande wa kila kaboni. Mti huifanya bila kelele.

Tahadhari mbili hapa, na nazisema kwa dhati. Amani ni hifadhi; usiende kubandua magome. Sampuli za utafiti zina utaratibu wake wa vibali. Pia usichukue vidonge vya kwinini vya wagonjwa kwa ajili ya majaribio. Kwinini na kwinidini za maabara zinauzwa na makampuni ya kemikali kwa bei ambayo mradi mdogo unaimudu.

Sasa upungufu. Jaribio la List la mwaka 2000 lilitumia takribani asilimia 30 ya prolini, wakati paladiamu ingetumia asilimia moja au chini. Menyuko mingi huchukua saa nyingi, mingine siku. Kuunganisha pete mbili za benzini kama kwenye losartani, ukoo huu si wa kutegemea. Kuongeza hidrojeni kwenye bondi ngumu, nako metali zinashinda. Na kwa molekuli zenye mkazo mkubwa bado ziko nyuma, ingawa pengo linapungua: mwaka 2024 kundi la List lilieleza asidi kubwa za kaboni, zilizojengwa na pango dogo katikati, zinazofungua pete za kaboni tatu na kutoa zao la upande mmoja. Asidi hizo, hata hivyo, kuzitengeneza kwenyewe ni kazi ya hatua nyingi. Usidanganywe na neno molekuli ndogo.

Basi nani achukue kipi?

Kama umepata nafasi ya kusoma nje, kwenye maabara yenye kila kitu, kwa miaka minne mitano, nenda kwenye metali bila woga. Huko utajifunza nidhamu ya hewa na maji, na mantiki ya bondi ambayo haifundishwi vizuri pengine popote. Panga tu mapema utarudi na nini. Nimeona vijana wazuri wakirudi na ujuzi usio na chombo, wakaishia kufanya kazi zisizohusu kemia. Kosa si lao.

Kama unabaki nchini, una msimamizi mwenye maabara ya kawaida na bajeti ya kubana, chukua molekuli ndogo, na katika hizo chukua jamii ya kwinini. Mradi mmoja wa shahada ya pili unaweza kutoa kichocheo kipya kabisa kwa kubadilisha kundi moja tu la molekuli hiyo. Ukitaka malighafi ya nyumbani ya kukijaribia, hekojenini ipo: kundi lake la kaboni namba 12 ni ketoni, jamii moja na asetoni, na ketoni ni chakula cha ukoo huu. Ni ketoni iliyobanwa, itakataa mara nyingi kabla haijakubali, na ndiyo maana inafaa kuwa swali la utafiti.

Kama wewe ni mtu wa timu, unaelewana na watu wa biolojia, na una subira ya kuandika maombi ya fedha, vimeng'enya. Mkoa wenye mkonge, machungwa ya Muheza, na chemchemi za salfa hauna sababu ya kuuza singa na matunda tu. Mdogo wangu, ukichagua njia hii anza na lipasi, kimeng'enya cha kukata mafuta kinachouzwa kikiwa kikavu, kinachovumilia viyeyushi, kisichohitaji uzalishe bakteria. Utajua ndani ya muhula mmoja kama kazi hii inakufaa kabla hujaomba friji ya gharama.

Yupo atakayeuliza kama koo hizi haziwezi kuchanganywa. Zinaweza, na utafiti mwingi wa sasa unafanya hivyo, kimeng'enya na paladiamu ndani ya chombo kimoja. Ila hakuna anayechanganya vizuri ambaye hajaujua walau mmoja kwa ndani.

Jaribio la kwanza, lolote utakaloamua, liwe lile la List: asetoni na 4-nitrobenzaldehidi, prolini, kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO, joto la chumba. Fanyia kwenye kabati la kuvuta hewa, vaa glovu, kwa kuwa DMSO hupita kwenye ngozi na kubeba vingine. Ripoti yao ya mwaka 2000 ilisema zao asilimia 68 na ziada ya upande mmoja asilimia 76, kwa hiyo una namba ya kujipima nayo. Rudia kwa prolini ya upande wa pili, inauzwa, uone zao linavyogeuka.

Lakini huwezi kuona lolote bila kipimo, na hapa ndipo miradi mingi ya upande hufia. Safu maalumu ya kromatografia ndiyo bora na chuo kikubwa kinaweza kuwa nayo, sampuli utazipeleka. Hapa nyumbani pata polarimita, chombo kinachopima jinsi molekuli za upande mmoja zinavyozungusha mwanga, hata kongwe, yenye taa ya sodiamu ya nanomita 589. Kabla hujaiamini, ijaribu na sukari ya mezani iliyoyeyushwa kwenye maji. Pima sukari vizuri kwa mizani, jaza bomba bila kiputo, kisha kokotoa mzunguko maalumu: unatakiwa kuwa karibu na nyuzi 66.5, upande wa kulia. Ukipata tofauti kubwa, rekebisha polarimita kwanza, ndipo ufungue chupa ya prolini.